Kuhusu swali lako la babu

Mwanangu Zawadi, marahaba.

Siku ya arobaini uliniuliza, "Mama, hivi babu alikupenda kweli?" Sikukujibu mbele ya shangazi zako.

Unajua alivyokuwa. Akirudi kukata mkonge akute pipa halina maji, fimbo ya mkwaju ilishuka kabla sijafungua mdomo, huku akisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Jioni ananiita barazani, ananimenyea chungwa. Ganda linashuka refu bila kukatika, nami nalitazama, kwikwi bado zimenikaba. Na lile chungwa lilikuwa tamu, mwanangu. Ubaya uko hapo. Siku asiyonipiga sikumenyewa kitu.

Nikaolewa na baba yako, mpole vile. Siku moja nikachelewa sokoni, nikarudi giza limeshaingia, nikasimama mlangoni nimejikunyata, nangoja. Akaniuliza, "Umekula?" Akanipakulia ugali, akaenda zake kulala. Nililia usiku ule nikiamini hanipendi hata chembe. Anayenijali angefoka angalau! Ilichukua miaka kupokea sahani mkononi mwake bila kujiuliza nimekosa nini. Leo nikilikumbuka lile "umekula", moyo wangu unacheka.

Najibishana mwenyewe: enzi zile nani hakupigwa? Hata katika ule utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009, karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sawa, lakini kuumia wengi hakujanipunguzia mimi maumivu. Mtoto akipigwa haelewi, anaogopa. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo na sichoki: haelewi, anaogopa, na akikua humtafuta wa kumwogopa akidhani ndiye wa kumpenda.

Sasa babu yako. Aliuza mbuzi wake wa mwisho ili niende sekondari. Mkono uleule ndio ulioniziba sikio hili la kushoto. Ulimi unaniwasha nikupe neno moja tu, na ninalo, ila yeye hawezi tena kunijibu. Nikisema ndiyo, nimelihalalisha lile chungwa. Nikisema hapana, yule mbuzi nimweke wapi?

Basi nawe niandikie. Zile kanga mpya ulizokuja nazo arobaini, mumeo alikununulia baada ya nini?

Mama yako