Kabla Hujanunua Spika za Inchi Nane, Pima Chumba Chako

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayeishi Ipagala alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto, akaniambia, "Kaka, njoo usikilize, nimeshusha mashine za inchi nane." Nilikwenda. Nilikuta chumba cha futi kumi kwa kumi, spika zimelazwa ubavu juu ya meza ya kompyuta kama mbuzi waliochoshwa na jua, migongo yake ikigusa ukuta, na kiti cha mwenyewe kimewekwa katikati ya chumba, chini kabisa ya feni ya dari. Baada ya kunipigia miksi yake mpya aliniuliza, kwa unyenyekevu ulioniumiza, iwapo aongeze na sabufa, ile spika ya besi tupu, kwa maana besi bado haisikiki vizuri. Huyu ni wa nne tangu mwaka uanze. Nawapenda wadogo zangu mnaofungua studio katika vyumba vya kupanga hapa Dodoma, lakini nimechoka kuwaona mkilipia kosa ambalo mimi nilikwisha kulilipia kwa bei kamili.

1. Pimeni chumba kwanza, ndipo mfikirie spika. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, na futi kumi ni mita 3.05. Ukigawanya 343 kwa mara mbili ya urefu huo unapata kama hezi 56, yaani mitetemo 56 kwa sekunde, na hayo ndiyo masafa ambayo nusu ya wimbi lake inaenea kamili kati ya kuta mbili zinazotazamana, sauti ikivimba kwenye kuta na kufa katikati. Urefu na upana vikilingana, tatizo linarudi mara mbili palepale, na dari nayo ikiwa futi kumi juu, mara tatu. Mafundi wetu wanaipenda kumi kwa kumi kuliko kipimo kingine chochote, kwa hiyo wengi wenu mnaishi ndani ya tatizo hilo bila kujua. Kwa mpiga gitaa la besi, kamba ya A ikipigwa wazi ni hezi 55. Naomba mwikumbuke namba hiyo.

2. Msiihukumu spika mkiwa mmekaa mahali pabaya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoaibika.

Mwaka 2016 nilikuwa nimepanga Nkuhungu, chumba cha kumi kwa kumi chenye dari ya jipsamu, na nilikuwa na spika mbili za inchi tano ambazo leo ningezibusu. Kwaya moja ilinipa kazi ya albamu ya nyimbo nane. Sitaitaja, maana hadi leo tunasalimiana. Wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa katika ufunguo wa A. Kila mpiga besi alipotua kwenye A ya chini, mimi niliyekaa chini ya balbu nilisikia kidole kikigusa waya, lakini mwili wa noti sikuusikia. G ilisikika, B ilisikika. A peke yake ilitoka chumbani kama mtu aliyeitwa nje.

Nikatoa hukumu usiku huohuo kwamba spika ni ndogo. Niliuza magunia ya alizeti yaliyokuwa fungu langu katika shamba la familia kule Kongwa, nikamuuzia kijana mwenzangu zile spika za inchi tano kwa bei ya kumalizana, nikapanda basi hadi Dar es Salaam, na nikarudi kutoka Kariakoo na jozi ya inchi nane, boksi moja nikiwa nimelipakata mapajani safari nzima kwa sababu sikuliamini buti la basi. Nilizifunga usiku uleule wa kufika. A haikusikika. Meza niliigusa, waya nilizibadilisha, hata intafesi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na spika, niliizima na kuiwasha kama mtu anayemwamsha mgonjwa, lakini kiti, wadogo zangu, kiti sikukisogeza hata kidogo. Badala yake nilifungua ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha masafa, nikapandisha hezi 55 kwa desibeli tisa, ambazo ni nguvu karibu mara nane, hadi A ikaonekana kwa mbali. Nikaridhika, nikatoa masta, yaani nakala ya mwisho ya kuchapisha, na kwaya ikachapa nakala mia tatu za diski.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili mchana katika ukumbi wenye sabufa mbili za inchi kumi na nane kila upande, mgeni rasmi akiwa amekwisha kuketi. Wimbo ulianza katika sauti za watu peke yake, na nilikuwa nimekunja nne nikisubiri kusifiwa. Kisha besi ikatua kwenye A. Chupa za maji za meza kuu zilianza kutembea zenyewe kuelekea ukingoni. Fundi mitambo wa ukumbi, ambaye hakuwa na kosa lolote, alidhani kuna maikrofoni inayovuma, akakimbilia kuteremsha sauti za juu. Waimbaji wakapotea, A ikabaki peke yake ukumbini, ikirudi kila baada ya mizunguko minne kwa uaminifu mkubwa. Mwalimu wa kwaya alinitazama mara moja tu, kisha akayatazama mapazia. Baada ya ibada ya shukrani mama mmoja wa sauti ya pili alinishika mkono kwa upole na kuniuliza, "Mwanangu, kuimba tuliimba; sasa sisi tulikwenda wapi?" Nusu ya pili ya malipo sikuidai.

Siku chache baadaye fleshi ilinidondoka ikaingia nyuma ya kitanda, kwenye kona, huku wimbo uleule ukicheza. Nilipoinama kuitafuta, A ilinijia kifuani kama ngoma ya muheme. Nilirudi kwenye kiti, ikatoweka. Nilikwenda kwenye kona, ikarudi. Nilitembea kati ya kiti na kona mara sita, nikiwa na fleshi mkononi, na ilipofika mara ya saba nilikaa chini sakafuni nikazihesabu zile gunia za alizeti moja baada ya nyingine. Spika za inchi tano nilizinunua tena kutoka kwa yule kijana, ambaye aliniongezea bei kwa shilingi elfu themanini aliyoiita ya usumbufu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ninapoingia studio ya mtu ni hiki: namwambia akae kwenye kiti chake na ainue macho. Akiona balbu au feni juu ya utosi, sihitaji kusikiliza miksi.

3. Kwa chumba cha kumi kwa kumi, inchi tano zinatosha. Someni karatasi ya vipimo: Yamaha HS5 ya inchi tano inashuka hadi hezi 54 na HS8 ya inchi nane hadi 38, lakini hizo za ziada mnazozilipia ndizo hasa ambazo chumba kidogo hakiwezi kuzishughulikia. Mwenye chumba kinachozidi mita nne anaweza kufikiria inchi sita na nusu au saba. Mkumbuke pia kwamba zile Yamaha NS-10 zenye koni nyeupe, zilizotoka mwaka 1978 kama spika za sebuleni na kusitishwa mwaka 2001, zilikuwa na besi haba, na bado studio kubwa za dunia zilizitegemea kwa miaka mingi kwa sababu mafundi walizijua tabia.

4. Kiti kiwe takribani asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, ambazo kwa mita 3.05 ni kama mita 1.16. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, mita moja kila upande, twita, zile koni ndogo za sauti za juu, zikiwa usawa wa masikio na umbali wa kuta za kushoto na kulia ukilingana. Kwa mpangilio huo spika zitakaribia ukuta wa mbele na besi itavimba kidogo, ndiyo maana mtengenezaji aliweka swichi ya chumba nyuma, ya kupunguza besi. Ishusheni desibeli mbili, au nne, bila kuona aibu. Spika zisimame, zisilale, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

5. Trei za mayai hazizuii besi. Namfahamu mtu aliyefunika kuta zote nne, na jirani zake walikula mayai miezi mitatu, lakini hezi 56 zilipita humo kama upepo wa Agosti unavyopita kwenye uzio wa miti. Sponji ya inchi mbili nayo inapunguza mwangwi wa juu tu. Kinachosaidia ni unene: pamba nzito ya madini au magodoro ya zamani yaliyosimamishwa kwenye kona, na hata hayo yanasaidia kiasi tu.

6. Tumieni kebo za balansi, zile zinazopunguza mvumo wa umeme, kutoka kwenye intafesi. Spika iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani isomwe nyuma kabla ya kuchomekwa, kwa maana ya volti 120 kwenye umeme wetu wa 230 huishi sekunde chache. Stabilaiza si anasa. Vumbi letu mnalijua. Funikeni spika kwa kitambaa mnapotoka, na mkitoe kabla ya kuziwasha.

7. Miksini kwa sauti ya kuzungumza. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio husikia besi kwa uhafifu zaidi sauti inapokuwa chini, kwa hiyo anayepandisha na kushusha volumu kila dakika tano anafanya kazi na masikio matano tofauti. Chagueni kiwango kimoja, na mwe na nyimbo tatu za watu wengine mnazozijua vizuri za kulinganisha. Kabla ya kutoa masta, tembeeni chumbani huku wimbo ukicheza, mfike na kwenye kona.

Pale Ipagala tulisogeza meza na kiti, tukazisimamisha spika juu ya matofali ya kuchoma tuliyoyatoa uani, tukaweka kipande cha sponji ngumu kati ya tofali na spika, na tukashusha ile swichi. Kijana alipiga wimbo wake uleule, akanyamaza karibu dakika mbili, kisha akaanza kupunguza besi mwenyewe bila kuambiwa. Ile ya kununua sabufa hakuitaja tena. Aliniuliza tu kama azirudishe dukani zile za inchi nane, nikamjibu kwamba akipata wa kubadilishana naye kwa inchi tano asisite, asipopata azitumie hivyohivyo kwa sauti ndogo. Ila yale matofali ayarudishe uani mapema, kwa sababu mwenye nyumba anajenga choo na huwa anayahesabu.