Ampu ya besi inayorudi kwa kofi

Swali: Assalaam aleikum fundi. Niko Langoni, Lamu, napiga gita la besi kwenye kikundi cha taarab. Ampu yetu ni ya transista, wati 100. Ikishapiga kama dakika kumi sauti hufifia, ikabaki kama redio iliyofungiwa kabatini. Nikiipiga kofi ubavuni, au nikigonga uzi mnene wa gita kwa nguvu, inarudi. Fundi mmoja amesema transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimekufa, ninunue nne mpya. Ninunue?

Jibu: Wa aleikum salaam, kaka. Usinunue kwanza. Transista kubwa ikifa haifufuki kwa kofi. Mara nyingi hufa kwa kushikana ndani: fyuzi hukatika kila ukiwasha, au umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) humiminika kwenye spika, koni ikasukumwa na kubaki hapo hapo mpaka koili iungue. Yako inakwenda na kurudi. Pana mahali hapagusani vizuri.

Tazama nyuma ya ampu. Kama ina matundu mawili yaliyoandikwa Send (pa kutolea sauti) na Return (pa kuirudishia), chukua waya mfupi wa kuunganishia gita na ampu, chomeka ncha moja huku na nyingine kule, kisha piga nusu saa. Sauti ikisimama imara, umeshampata mwizi. Ndani ya jeki, yaani tundu, ya Return mna kijiulimi cha bati. Pasipochomekwa kitu, sauti yote inayotoka kwenye vitufe vya besi na trebo hupita hapo kwenda sehemu ya nguvu. Kikishika utando wa kutu, mawimbi madogo hayapenyi. Noti kubwa au kofi ndiyo huutoboa kwa muda. Kwa hewa yenu ya chumvi, hili silishangai hata kidogo. Nimewahi kufungua ampu iliyokaa karibu na dirisha la baharini, jeki zake zimeota kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani.

Huo waya unaweza kuuacha hapo hata mwezi, shughuli ziendelee. Dawa yenyewe ni kubadilisha jeki, au kupuliza dawa ya kusafishia swichi na kuchomeka-kuchomoa mara ishirini hivi. Mafuta ya cherehani usithubutu, yanakusanya vumbi. Jeki ya hedifoni isafishe pia; nayo huwa na kijiulimi kama hicho, na hukata spika.

Waya usiposaidia, chomeka simu kwenye Return, sauti ya simu ikiwa chini kabisa, maana ampu nyingi voliumu yake kuu iko kabla ya tundu hilo. Muziki ukitoka safi bila kufifia, transista zako nzima. Ubovu uko mbele, kabla ya Return. Ukififia vilevile, tafuta lehemu iliyopasuka. Ampu inayopanda punda, ikashuka mashuani, ikapanda gari Mokowe, haikosi nyufa: chini ya jeki, chini ya vitufe na kwenye miguu ya kapasita kubwa, vile vihifadhi umeme. Utaona kijiduara chembamba kuzunguka mguu.

Hapo ndipo penye hatari. Chomoa umeme, lakini usiguse bado: kapasita hizo huhifadhi makumi ya volti. Zipunguze kwa kugusisha miguu yake miwili na rezista (kizuia umeme) ya omu 1,000, wati 5, uliyoishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kila moja kama nusu dakika, kisha hakikisha kwa mita kuwa imeshuka chini ya volti 2. Baada ya hapo yeyusha lehemu ya zamani uiondoe, utie mpya. Kupaka mpya juu ya ile ya zamani ni kuficha ufa tu.

Ukimaliza, usirudishe spika papo hapo. Washa bila spika, pima DC kwenye matundu yake. Milivolti chache, hata makumi, si neno. Ukiona volti 30, zima. Hapo tutazungumza habari ya transista.