Nagombea bodi ya chama cha wapimaji: nisimamie hoja gani?

SWALI: Nafanya kazi ya kuchukua na kupima mikojo ya madereva wa malori maeneo ya Kurasini, kuangalia dawa za kulevya. Chama chetu cha wapimaji kinachagua wajumbe wa bodi na mimi nimechukua fomu. Mwenzangu tunayeshindana naye anasema kipimo cha haraka kinatosha, kupeleka sampuli maabara ni kupandisha gharama tu. Najua anakosea, ila wapiga kura wengi si watu wa maabara. Niwaelezeje? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Simamia hoja moja: mtu asifukuzwe kazi kwa kipimo cha haraka peke yake. Posho, vitambulisho na semina waachie wengine.

Ukipewa nafasi ya kujinadi, nenda na kipimo chenyewe mkononi. Watu wamezoea kipimo cha malaria na cha mimba: mistari miwili maana yake unayo. Hiki ni kinyume. Dawa iliyomo kwenye mkojo inagombania kingamwili za kipimo (protini zinazoinasa dawa) na dawa iliyopakwa kwenye karatasi. Ikifika kiwango kilichowekwa, mstari hautokei. Mistari miwili ni hasi. Mstari wa kudhibiti, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, ukibaki peke yake, hapo ndipo unasema chanya ya awali, na neno "awali" usilimeze. Mstari hafifu nao ni mstari, kwa hiyo ni hasi. Huyo msimamizi anayesema "umefifia, basi amevuta kidogo" amejitungia kanuni yake.

Kisha waeleze kwamba kingamwili inatambua umbo, na maumbo hufanana. Dawa ya mafua yenye pseudoefedrini inaweza kufuta mstari wa amfetamini, dawa ya kulevya ya kusisimua mwili. Efavirenzi, dawa ya ARV iliyotumika sana nchini kabla ya dolutegravir, imewahi kuleta chanya ya uongo ya bangi kwenye baadhi ya vipimo. Hapa tulia kidogo, maana ndipo penye uzito. Dereva wa namna hiyo, ili ajitetee mbele ya bosi wake, atalazimika kutaja hali yake ya VVU. Ndiyo maana maelezo ya dawa anazotumia mtu yaende kwa daktari mhakiki, yaani daktari anayepitia majibu ya vipimo, si ofisi ya utumishi.

Mashine ya maabara iitwayo GC-MS hutenganisha kilichomo na kukitambua molekuli kwa molekuli, hivyo mfanano wa aina hiyo huishia hapo. Lakini usiahidi kwamba maabara inamaliza kila kitu. Aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini atathibitishwa kuwa na kodeini, pengine na mofini pia, kwa sababu mwili huibadilisha. Alama ya heroini ni 6-asetilimofini. Marekani, kwenye upimaji wa wafanyakazi wa serikali kuu, ilipandisha kiwango cha kuhesabiwa chanya cha opiati (jamii ya mofini na kodeini) kutoka nanogramu 300 kwa mililita hadi 2,000 mwaka 1998, kwa kuwa wengi waliokuwa wakinaswa walikuwa na cheti cha daktari au walikula mbegu za mpopi, mmea unaotoa afyuni. Soma pakiti zenu: zipo nyingi sokoni zenye kiwango cha 300.

Kuhusu gharama, jibu ni fupi: zinazokwenda maabara ni zile chanya tu. Sampuli igawanywe chupa mbili mbele ya mwenyewe, zifungwe kwa lakiri, aweke saini. Ya pili ni akiba yake akipinga. Mwajiri naye ana faida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka aonyeshe sababu halali na utaratibu wa haki, na shauri likifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), mzigo wa kuthibitisha ni wake. Atapeleka nini? Kipimo cha haraka kina dakika zake za kusomwa zilizoandikwa kwenye pakiti. Kilichokaa droo mwezi mzima si ushahidi wa chochote.

Mpinzani wako anaweza kukuuliza habari za mirungi. Kubali wazi: vipimo vya kawaida vya amfetamini haviikamati kwa uhakika. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, nayo haionekani kwenye mstari wa opiati, ina mstari wake, na anayeinywa kwa utaratibu kliniki ya Muhimbili yuko kwenye tiba. Mtu wa namna hiyo pia ni wa daktari mhakiki.

La mwisho, na hili wengi hulikwepa: kama unauza vipimo au unalipwa na maabara yoyote, liandike kwenye fomu kabla mtu hajalichimba.