Anza na kigoda, kompyuta itafuata: uzoefu wangu wa kufundisha usanifu unaofuata hali ya hewa

Mleta uzi unasema umepewa studio (darasa la kuchora kwa vitendo) ya mwaka wa pili, usanifu wa mji unaoendana na hali ya hewa, wanafunzi wote wanachora maghorofa ya vioo kama ya Dubai, na unauliza uanze na programu gani ya kompyuta ya kukadiria jua, joto na upepo. Studio kama hiyo nimeifundisha Dar kwa miaka kadhaa. Kwa kifupi mkuu, programu iache mpaka wiki ya sita. Kwa kirefu, soma.

Mwaka wangu wa kwanza nilianza na programu. Siku ya juri, wanafunzi wanapotetea kazi zao mbele ya jopo la walimu, kijana mmoja akatundika michoro ya kuvutia, rangi zinapanda kutoka buluu mpaka nyekundu, mishale ya upepo kila kona. Nikamuuliza mbona madirisha makubwa yote yanatazama kusini. Akajibu bila kupepesa macho: "Ili yapate jua, mwalimu." Kitabu alichosoma kiliandikiwa watu wa Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima na watu wanalitafuta. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwetu jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba. Katikati ya hapo, miezi saba, jua la mchana liko kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Kulitafuta? Nani Dar hii analitafuta jua! Programu haikumwambia lolote kwa sababu hakuiuliza, na kosa lilikuwa langu niliyemkabidhi.

Tangu hapo wiki ya kwanza ni ya kigoda. Nawagawa wawili wawili, nawaombea ruhusa kwenye nyumba za Kiswahili zilizobaki Magomeni na Kariakoo, zile zenye baraza mbele, ukumbi unaokata katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Wanakaa kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Kazi ni moja tu: kila nusu saa chora mwenye nyumba kakaa wapi, na uandike kwa nini kahama.

Kuna bibi mmoja Magomeni aliwapokea mabinti wawili wa darasa langu. Walimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akawatazama wakiandika pale mbele ya nyumba mpaka uvumilivu ukamwishia. "Wajukuu zangu, mnaandika habari za kivuli mmesimama juani?" Wakaingia. Mchoro walioleta bado ninao. Nyumba inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi kigoda kiko barazani. Kufika saa tano kimeingia ukumbini, mlango wa mbele na wa uani yote wazi. Saa tisa kiko uani, kwenye kivuli cha nyumba yenyewe, na jiko la mkaa limesogezwa karibu. Jua likishazama kinarudi barazani, bibi anasalimiana na wapita njia. Ukuta wa magharibi kati ya saa tisa na jua kuzama hakuna aliyeusogelea, hata paka. Mabinti wale sikuhitaji kuwafundisha kwamba upenu wa paa unaolinda dirisha la kaskazini saa sita mchana haulisaidii la magharibi saa kumi, jua likiwa limeshuka na kupenya chini ya upenu. Walikuwa wameshaona.

Hapo ndipo ubishi wa Mji Mkongwe unapoanza, na usiukwepe. Kila darasa lina mtu anayesema tujenge kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa kama wazee wa Zanzibar na Lamu. Mwache aseme, halafu mwulize nyumba ile inapoa saa ngapi. Dodoma au Moshi usiku unashuka vizuri, ukuta mzito unapata muda wa kutema joto. Pwani tofauti ya mchana na usiku ni ndogo na hewa ina unyevu. Ukuta uliokunywa joto mchana kutwa unakurudishia usiku ukiwa umelala. Kinachofanya vichochoro vile viwe vya baridi ni kivuli, nyumba kukaribiana hadi jua halifiki chini. Hata upana wa vyumba vyao haukutoka kwenye hesabu za joto, ulitoka kwenye urefu wa boriti za mikoko. Ukiiga Mji Mkongwe, ujue unaiga nini. Mwili wa mtu wa pwani unapozwa na upepo unaopita kwenye ngozi yake, basi.

Ndiyo maana wiki ya pili ni ya udi. Modeli za boksi, dirisha limekatwa kwa kisu, udi unaofuka upande mmoja, feni ya mezani mbali kidogo. Wakiona moshi unaingia dirishani na kuzungukazunguka chumbani bila kutoka, wanajua wamesahau tundu la upande wa pili. Halafu nawaambia wakate dirisha la aluminiamu la kusukuma, hili linalowekwa kila nyumba siku hizi. Nusu yake haifunguki kamwe! Umelipia dirisha zima, unapata upepo wa nusu. Weka luva za zamani, vile vipande vya kioo au mbao vinavyofunguka vyote, au tofali za matundu uone moshi unavyokimbia. Darasa linanyamaza kidogo, maana wengi kwao ndivyo walivyojenga.

Swali watakalokukaba nalo: jua linataka jengo litazame kaskazini na kusini, lakini kusi inavuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, tufuate lipi? Fuata jua. Upepo hauhitaji kugonga dirisha uso kwa uso, hata ukija mshazari unaingia, na unaweza kuukamata kwa ubawa wa ukuta, yaani ukuta mfupi unaochomoza kando ya dirisha, au kwa bawa la dirisha lenyewe linalofunguka nje. Jua huwezi kulibembeleza hivyo.

Kwenye ngazi ya mji nakwenda haraka, ila sehemu mbili usiziruke. Kwanza, Kariakoo ya leo: maghorofa yamekula kiwanja chote, ukuta kwa ukuta, na mtu wa ghorofa ya tatu anawasha kiyoyozi ambacho joto lake linamtokea jirani. Waambie wapange majengo kwenye modeli kwa kupishana kama viti vya sinema, wawashe udi tena. Ukiwa hukohuko wapeleke soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970. Miavuli ile ya zege juu inatia kivuli, inaacha hewa ya joto ipande, na inakinga maji ya mvua. Mtu alifanya hayo bila kompyuta, na ni mtu wa hapahapa.

Pili, maji. Wanafunzi wanapenda neno "kijani" na wakipewa bonde la Msimbazi wanachora bustani na vibanda vya kahawa. Wapeleke Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, wamwulize mkazi maji ya mafuriko ya Desemba 2011 yalifika wapi. Sisi mzee mmoja hakusema kitu, aliweka kiganja ukutani juu ya kichwa cha mwanafunzi wangu mrefu kuliko wote. Siku iliyofuata vibanda vilihama wenyewe kwenye michoro.

Na wewe jiandae kuulizwa umejenga nini. Mimi nawaonyesha aibu yangu. Nikiwa nimetoka chuo tu nilichora ofisi ya ghorofa mbili, uso wa magharibi vioo vitupu, maana ilikuwa fasheni na mteja alifurahi. Baada ya miezi michache nikapita pale, vioo vyote vimebandikwa magazeti kwa ndani, taa zinawaka mchana. Zoezi la wiki ya tatu limetoka hapo: tembeeni barabara ya Samora au ya Bibi Titi katikati ya jiji saa tisa alasiri, hesabuni magazeti, makatoni na mapazia yaliyofungwa, kila upande wa jengo peke yake. Matokeo sikuambii, waache wakuletee.

Wiki ya sita sasa fungua kompyuta. Utashangaa, watakuwa wanaibishia.

Udi nunua ule wa bei nafuu wa sokoni, na walinzi uwape taarifa mapema. Mara ya kwanza mimi walitufuata studio wakikimbia na mtungi wa kuzimia moto, pini imeshachomolewa.