Usihukumu ziwa kwa jumla ya fosforasi

Mkuu, umesema ulipima fosforasi yote kwenye mashamba ya kando ya Mto Simiyu na kwenye tope la mdomoni mwa mto, tope likatoa namba kubwa kuliko shamba, na unauliza kama hiyo ndiyo inayogeuza maji ya Ghuba ya Speke, kule Ziwa Victoria, kuwa ya kijani. Nimefanya kazi ya maabara ya udongo na maji miaka mingi. Nakuomba usiandike ripoti kwa namba hiyo peke yake.

Kipimo cha jumla huchemsha sampuli kwa asidi kali mpaka kila kitu kiachie. Mwani, yaani mimea midogo sana inayokula fosforasi na kuyafanya maji kuwa kijani, hauna asidi hiyo. Fosforasi iliyo ndani ya chembe za apataiti, madini magumu kuyeyuka, inaweza kulala chini ya ziwa miaka na miaka bila kulisha chochote. Ya kuogopa ni ile iliyonata juujuu kwenye chuma na alumini, maana hiyo huachia.

Kwa shamba, anza na kipimo cha Olsen cha fosforasi ambayo mmea unaweza kuipata, hasa kama ni udongo mweusi wa mbuga: unatikisa na sodiamu baikaboneti ya pH 8.5 kwa dakika 30. Kipimo kingine cha aina hiyo, Bray 1, kinachotumia asidi, kiachie udongo wenye uchachu. Kwenye udongo wenye chokaa asidi yake huliwa na chokaa na majibu yanatoka madogo kuliko ukweli. Ila vipimo hivi vilitengenezwa kujua mahindi au pamba itapata nini. Kwa mwani mimi naamini zaidi karatasi ya chujio iliyopakwa oksidi ya chuma. Inatikiswa na gramu 1 ya udongo ndani ya mililita 40 za kalsiamu kloraidi hafifu kwa saa 16, na muda wote huo inaendelea kunyonya kadiri udongo unavyoachia, karibu na anavyofanya kiumbe hai. Ukiitoa ina rangi ya kutu. Isuuze vizuri, kwa sababu tope kidogo likibaki limeshikilia, umeharibu kipimo.

Sasa tope la ziwani. Hapo ndipo niliumia. Sampuli yangu ya kwanza ilitoka nyeusi tii, inanuka mayai viza. Nikaianika kwenye sinia kama udongo wa shamba. Siku ya tatu ilikuwa ya kahawia. Chuma kilikuwa kimekutana na hewa, kikabadilika, na fosforasi ikashikwa upya kwa namna nyingine kabisa. Nilichopima hakikuwa tope la ziwani tena. Kule chini oksijeni ikiisha mambo huenda kinyume: chuma huyeyuka na kuachia fosforasi majini. Kwa hiyo jaza chupa mpaka pomoni, funika, weka kwenye barafu, pima likiwa bichi. Unyevu utafute kwa kipande kidogo pembeni, ovenini kwa nyuzi 105.

Vyombo navyo. Rangi ya buluu ya molibdeti, kemikali tunayotumia kuonyesha fosforasi, ile tunayosoma kwa mwanga wa nanomita 880, inaonyesha hata fosforasi ya sabuni. Kama sampuli yako tupu, yenye maji tu, imekuwa na ubuluu, usiendelee. Osha kwa asidi hidrokloriki hafifu, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, rudia.

Nang'ang'ania haya kwa sababu wakulima na wafugaji ndio watakaobebeshwa lawama. Kama karatasi inaonyesha mashamba ndiyo yanaachia, ukanda wa majani kando ya mto na kuhamisha zizi mbali na mkondo kutasaidia kweli. Kama tope lenyewe ndilo linalotoa, unaweza kuzuia mbolea yote leo na maji yakakaa kijani miaka kadhaa. Na usisahau kutega ndoo safi ya mvua: Ziwa Victoria hupokea sehemu kubwa ya fosforasi yake kutoka angani, kwa vumbi na mvua.

Ukirudi, chukua tope wakati wa kiangazi na tena baada ya mvua za kwanza, mahali palepale, na uandike rangi na harufu yake kabla hujafunga chupa. Lete majibu tuyaangalie.