Nakunywa chai ya kijani kila siku, kitambi kiko palepale

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Tabata, Dar. Kuna dada ofisini anatuuzia chai ya kijani ya pakiti, anasema inakata kitambi, inasafisha damu, inatibu sukari na mpaka kansa. Mwezi wa pili huu nakunywa vikombe vitatu, asubuhi, mchana nikishamaliza tu kula, na usiku. Wiki ya kwanza kilo mbili zilitoka, zikarudi. Tumbo linanikata, chooni siishi kwenda, usingizi hamna, na nachoka hatari, juzi nimepima damu nikaambiwa ni 9.8. Niendelee?

JIBU: Marahaba mama. Hebu geuza hiyo pakiti usome yale maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta sanamaki, Wazungu wanaiandika senna, basi unakunywa dawa ya kuharisha, ileile bibi zetu walimpa mtu aliyefunga choo. Zile kilo mbili zilikuwa maji na choo, mafuta hayajaguswa. Acha leo.

Chai ya kijani yenyewe haina ubaya. Ni jani lilelile la Mufindi, Rungwe au Kericho, tofauti ni kwamba la chai nyeusi linasagwa na kuachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi, la kijani linapigwa moto au mvuke mapema, kwa hiyo vile vitu vinaitwa katekini vinabaki vingi. Vinashusha kidogo lehemu mbaya, yaani kolesteroli ya kwenye damu. Kule Ohsaki, Japani, walifuatilia watu wazima 40,530, majibu yakatoka 2006, waliokuwa wanakunywa vikombe vitano na zaidi kwa siku walikufa wachache zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa kuliko wale ambao hata kimoja hawakifikishi. Ila hao ni Wajapani na samaki wao, usinibebeshe hiyo kama ushahidi kwamba ni chai peke yake. Kupunguza uzito kupo lakini ni kidogo mno, hata sketi haitajua. Sukari na kansa haitibu, huyo dada mwambie nimesema mimi.

Sasa hiyo 9.8 ndo inayonisumbua, maana mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 kwenda juu. Unakula zako maharage na mchicha, unashushia na chai hapohapo, ile chai inayadaka madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayachukua, unakuwa kama umekula bure. Na siyo ya kijani tu, hata ya rangi ni hivyohivyo. Acha ipite saa moja au mbili baada ya kula ndo unywe, na kwenye chakula kamulia ndimu au kula chungwa, hapo chuma inaingia vizuri. Ila chai peke yake sidhani kama imekufikisha huko, rudi kliniki waangalie hedhi, minyoo na mengine, usiniambie unakunywa rozela ya kuongeza damu halafu basi.

Cha usiku kiondoe, kina kafeini. Ukitaka kuendelea nunua majani matupu yasiyo na mbwembwe, maji yakichemka epua, yaache dakika kama tano yapoe kidogo, weka majani dakika mbili tatu, chuja. Ukiyamwagia maji yanayotokota yanakuwa machungu ndo unaishia kuweka vijiko vitatu vya sukari, sasa hapo kitambi kitaenda wapi?

SWALI: Dokta, mimi niko Nakuru, badala ya kupika naweza kumeza vile vidonge vya chai ya kijani?

JIBU: Hapana kaka. Kidonge kimoja kinaweza kubeba katekini za vikombe kadhaa, na dozi kubwa, kuanzia miligramu 800 za ile katekini kuu kwa siku, zimeonekana kusumbua ini. Na kama unatumia dawa ya presha au ya kuzuia damu kuganda, muulize anayekutibu hata kabla ya kikombe.