Mtoto anakohoa, nimpeleke hosi ama ningoje?

SWALI: Habari sista. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi minne, tuko Kayole, na tangu hii baridi ya Julai ianze anakohoa tu, sasa wiki ya tatu, usiku joto inapanda asubuhi imeshuka, sirapu ya kemisti nimempa chupa mbili na bado. Shosh yake anasema ni kimeo nimpeleke kwa mzee fulani akikate, baba yake anasema hosi. Nifuate nani? – Mama wa Kayole

JIBU: Mfuate baba yake. Kimeo, hicho kinyama kidogo kinachoning'inia kooni, kiache pale kiko, kukikata hakutibu kikohozi na hicho kiwembe kinaweza kumletea mtoto infeksheni ama damu isiyosimama. Shosh mweleze kwa heshima tu, hana ubaya, ndivyo walivyolelewa. Na hizo sirapu za kikohozi pia weka kando, kwa umri huo hazisaidii.

Kelele ya kikohozi ndiyo hutisha wazazi lakini sisi kliniki tunaangalia pumzi kwanza. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, mtoe hizo sweta zote mpaka uone kifua na tumbo, kisha weka simu dakika moja nzima, si nusu halafu uzidishe, uhesabu vile kifua kinapanda. Wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 ama zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa chini ya miezi 2 akifika 60, hiyo inaweza kuwa nimonia na anaenda kliniki siku hiyo hiyo. Ukiona chini ya mbavu kunaingia ndani kila akivuta pumzi, beba mtoto mwende sa hiyo.

Wako hata kama hesabu iko sawa mpeleke, kikohozi kikipita wiki mbili lazima kiangaliwe, saa zingine ni asma, saa zingine TB, haswa kama kuna mtu mzima anakohoa hapo kwa nyumba. Beba kile kijitabu cha kliniki waone chanjo, na kama mlikuwa ushago juzi, tuseme Busia ama Kisumu, sema bila kuulizwa ndio apimwe malaria. Na jiko la makaa lisiwake ndani mkilala jameni, moshi huo unamuumiza.

Asiponyonya wala kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege ama akiwa mzito kuamka, ni hospitali hata kama ni saa nane usiku. Mtoto wa chini ya miezi 2 joto peke yake inatosha.

SWALI: Sista, wangu wa miezi kumi anaharisha tangu jana, nimnyime maziwa kwanza tumbo itulie? – Mama Githurai

JIBU: Usimnyime! Nyonyesha hata zaidi, na chakula aendelee. Chukua ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na zinki, pakiti ya ORS uchanganye na maji safi kipimo kile kimeandikwa hapo juu yake, umpe kidogo kidogo na kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uendelee polepole. Zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kuhara kukiisha. Antibayotiki usinunue kwa kubahatisha. Macho yakiingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya irudi polepole, ama uone damu kwa choo, hapo mwende hosi mara moja, na njiani uendelee kumpa ORS.